Sijagusa

Jirani yangu, yule tunayegawana naye ukuta mmoja na kelele zote za watoto, aliniuliza siku moja naanika nguo: "Hivi kaka yako akishalipata hilo gemu lake la asili, atalifanyia nini, na mwenyewe hachezi?"

Nikamwambia akamuulize mwenyewe.

"Nilishamuuliza. Kaniambia, 'Mama, na wewe picha ya marehemu mama yako umeitundika ili uongee nayo?' Lakini kuelewa, jirani, sijaelewa."

Na mimi sitadanganya, miaka mingi nilikuwa naitikia tu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kazi yangu ni cherehani na sindano. Lakini yaliyompata kaka yangu yalipita ndani ya nyumba yangu, juu ya mto ninaolalia, kwa hiyo nimeona niyaandike mwenyewe kabla midomo ya watu haijayashona inavyotaka.

Kaka yangu amenitangulia miaka miwili. Ni fundi wa kompyuta na printa, amekodi chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Ukiingia, meza ya kushoto ni ya kazi za watu, ya kulia ni yake mwenyewe. Ya kushoto inamlisha, ya kulia inamla. Hapo kulia pana kompyuta tatu kuukuu zenye mgongo mkubwa, na droo zimejaa diski, vile vibapa vya plastiki vinavyoenea kiganjani, ambavyo vijana wa leo wanavijua kwa ule mchoro wa kubonyeza ukitaka kuhifadhi kitu. Ndani ya kila droo ametia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vinyonye unyevu. Mtaa mzima tunamwekea. Mtu akinunua viatu hapa kwetu, kaka yangu ndiye anayefurahi zaidi.

Alinifafanulia hivi. Zamani, intaneti ilipokuwa haijaenea, kulikuwa na watu waliotengeneza magemu majumbani mwao, wakayatoa kama muuza machungwa anavyokukatia kipande: onja kwanza. Sehemu ya mwanzo ilikuwa bure. Uliruhusiwa kumnakilia rafiki, rafiki naye amnakilie mwenzake, na ukinogewa ndipo unamwandikia mwenye gemu akupe zilizobaki. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwenye kila diski: gawa unavyotaka, ila usibadilishe kitu.

"Unaona, dada? Mtu hakujui, hajakuona, anakwambia chukua, mpe na mwenzio, ila kimfikie kama kilivyotoka mkononi mwangu. Ile ni amana."

Hapo kwenye amana ndipo nilipoanza kumwelewa. Neno hilo nalijua kwa kulisikia kwenye ibada tangu sijaota meno.

Tatizo ni kwamba watu hawakulishika sharti. Huyu anafuta jina la mtengenezaji anaweka la kwake. Yule anaona gemu gumu, anajiongezea uhai ndani humo. Mwingine anachanganya toleo la kwanza na la tatu, kama mshonaji mlevi anayetia mkono wa gauni hili kwenye gauni lile. Mengi yaliyobaki leo yameshaguswa. Kaka yangu anatafuta yale ambayo hayajaguswa, kama yalivyotoka siku ya kwanza.

Na alitafuta kwelikweli. Ofisi ikifungwa, yeye yuko mlangoni anauliza diski za zamani zinatupwa wapi. Chuo kikibadilisha mashine, yuko stoo amejifunga kitambaa puani. Mara moja alirudi na maboksi manne, akakaa wiki mbili anasoma diski moja baada ya nyingine, akakuta barua za kuomba likizo na orodha ya wageni wa harusi ya watu.

"Harusi yenyewe ilifana?" nikamtania.

"Sijui. Ila mjomba wa bwana harusi alifutwa mara tatu."

Matapeli nao hawakumwacha. Bwana mmoja alimletea diski ya "asili kabisa", lebo imechakaa inatia huruma. Kaka akaichukua, akainusa, akamrudishia. "Mzee, hii umeichovya kwenye chai. Na sukari ulitia."

Ana wenzake wa kazi hiyo, watu wa nchi mbalimbali wanaojuana kwa kuandikiana tu. Wana ghala lao kwenye intaneti. Diski ikiingia humo, mashine inahesabu herufi zake zote na kutoa namba moja ndefu, na popote duniani ikipatikana nakala yenye namba ileile, basi zote mbili ni salama. Herufi moja ikibadilika, namba nayo inabadilika. Lakini gemu likiwa limepatikana kwako peke yako, hakuna wa kulinganisha naye. Hapo wanakupa fomu: umeipata wapi, nani ameishika, nini kimefanywa. Kwenye hilo swali la mwisho kaka yangu alikuwa anaandika neno moja tu, *sijagusa*, na kwao lilitosha. Hata wateja wa meza ya kushoto wakimlaumu kwamba kompyuta imeharibikia kwake, jibu ni hilohilo: "Hapo sijagusa." Mtaa ukambatiza. Watoto wakimwona wanaimba, "Sijagusa, sijagusa!" naye anawapungia mkono kama mheshimiwa. Diski arobaini na moja ziliingia ghalani kwa neno lake.

Sasa kati ya hizo arobaini na moja kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote, nayo hakuitafuta, alipewa.

Ujana wake alifanya kazi kwenye ofisi ya uchapaji, pamoja na kijana mwenzake ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu. Chumba walipanga kimoja, sufuria moja, hata tai nzuri ilikuwa moja, wanapokezana. Fundi mgeni alikuja kuwafungia kompyuta za kwanza, na alipoondoka akamwachia kaka yangu diski ya gemu. Ni kamtu kanapanda ngazi kuwasha taa za mtaa, taa moja moja, upepo unazima nyuma yake. Kaka hakuwahi kulimaliza. Mkono wake mzito. Yule mwenzake, mume wangu wa leo, ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi. Kaka akalicheza mwezi mmoja, akaona diski itachakaa, akafunga kale kakufuli kadogo pembeni kanakozuia diski isiandikwe juu yake, akaiweka. "Diski haichezwi," akawa anasema, "inatunzwa."

Miaka ikapita. Mwaka jana wale wenzake watunzaji wa ghala wakatangaza kwamba mtengenezaji wa gemu hilo yu hai. Ni mzee sana, mwalimu mstaafu, na anatafuta toleo la kwanza. Lake lilioza kwa unyevu. Matoleo yaliyofuata yalikatwa mwisho wake na watu waliokuja kuliuza. Kwenye toleo la kwanza, ukiwasha taa ya mwisho, mtaa wote unang'aa na jina la mkewe linatokea. Mkewe alishafariki. Mzee alisema angependa kuliona mara moja pale alipoliweka.

Kaka alikuja kwangu mbio kama aliyeitwa na daktari. "Dada, ninayo! Mimi ndiye ninayo! Duniani kote, mimi!"

"Una hakika ndiyo yenyewe?"

"Nimepewa mkononi, kakufuli nimefunga mwenyewe. Sijagusa."

Akaisoma diski kwa mashine yake nukta kwa nukta bila kulifungua gemu lenyewe, akatuma, na fomu akaijaza. Jioni ile tulikula pamoja, mimi na yeye na mume wangu. Kaka anasimulia mikono hewani. Mume wangu, ambaye siku hizi ni mtunza stoo wa shule, alikula kidogo akasema kichwa kinamuuma. Nikamchemshia maji ya kunywa dawa. Mungu anisamehe, nilimwonea huruma.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Kaka alinikuta kwenye cherehani, natia zipu kwenye sketi ya shule. Hakusalimia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakiangalia kitanda changu ambacho kinaonekana pazia likiwa wazi, akaniuliza:

"Dada, zile nukta mbili mwisho wa jina lako, pale kwenye mto. Zina maana gani?"

Hapa lazima nieleze. Mume wangu tangu uchumba ananiita Kidege. Na akiniandikia, hata kikaratasi cha kuniambia amechelewa, anaandika *Kidege*, kisha nukta mbili. Foronya zangu za harusi nilizidarizi mwenyewe hivyohivyo kwa uzi wa buluu: Kidege, nukta mbili, na chini yake mwaka, maana mama yetu alinifundisha kwamba kazi isiyo na mwaka ni kama mtoto asiye na cheti. Miaka thelathini na moja. Zilikuwa mbili, moja ilichakaa, iliyobaki ninaitandika bado.

Basi nikacheka, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, nikaona haya kama msichana. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba Jumamosi moja nilimletea yeye chakula cha mchana pale ofisini, nikakuta ametoka kwenda kutengeneza mashine kwa mteja. Yule mwenzake akanivutia kiti mbele ya kompyuta, akasema, "Kaa uone nilichokutengenezea." Akacheza. Kamtu kakapanda ngazi, taa zikawaka moja moja, na ya mwisho ilipowaka kioo chote kikang'aa, likatokea jina langu, *KIDEGE*, na nukta mbili. Nikamuuliza nukta za nini. Akasema, "Moja ni mimi, moja ni wewe." Akanisihi nisimwambie kaka, maana kaka angesema mwenzake anaposa kwa mashine ya ofisi.

Kaka yangu alisikiliza yote. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akanisomea kwa lugha yetu polepole. Watunzaji walikuwa wamelicheza gemu mpaka mwisho. Mahali ambapo mtengenezaji aliandika jina la mkewe, lenye herufi nane, pana neno wasilolijua lenye herufi sita, na nukta mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akinipa tundu la inchi nane na kitambaa cha inchi sita, najua kinachofanyika. Unatafuta cha kujazia.

"Kwa nini hakuziacha wazi tu?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Gemu halikubali pengo," kaka akasema. "Likipungua au likizidi, linakufa. Lazima zitimie nane."

Sikulia. Nilimalizia zipu. Niliishona imepinda, nikaifumua baadaye.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja. Kaka alikuwa bado amekaa. Akampa ile karatasi. Akaisoma amesimama, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Shemeji," akasema, "tulikuwa vijana."

"Kakufuli ulikafungua."

"Nilikafunga tena."

"Ndiyo maana sikujua! Miaka yote hii, sikujua!" Hiyo ndiyo mara pekee kaka alipandisha sauti. "Ungeniambia siku ile tunakula hapa. Nilikuwa nimetuma asubuhi ile ile. Ungesema neno moja tu, ningewaandikia wasifungue. Ukasema kichwa."

"Herufi nane, bwana! Nipe diski, nikurudishie hizo herufi nane sasa hivi, mzee wa watu alione jina la mkewe."

"Huko ni kugusa mara ya pili."

Akamweleza basi kinachohitajika. Watunzaji walikuwa wamezitoa ghalani diski zake zote arobaini na moja, wakaziweka pembeni. Neno lake limeonekana si la kuaminika, na hawana namna ya kujua ameghushi ngapi. Wamesema aliyeibadilisha aandike lini na nini, aweke sahihi, na ikionekana ilikuwa zamani, kwa mkono mwingine, wataziangalia upya.

"Niandike kwa watu nisiowajua kwamba mimi ni mwizi?" mume wangu akasema. "Na umri huu? Kwa ajili ya gemu? Hapana, shemeji. Lingine niombe, hilo hapana."

Kaka alisimama, akachukua mfuko wake, akatoka. Pale mlangoni, kwa mazoea, akasema, "Haya, kwaherini," na kwa mazoea sisi tukamwitikia.

Tulipobaki wawili mume wangu akaniambia, "Kidege, mapenzi yangu yalikuwa ya kweli. Hilo usilitilie shaka."

"Na nukta?"

Akavua kiatu cha pili, akakipanga sawa na mwenzake. "Nukta," akasema, "ulipouliza, nilitakiwa nijibu kitu."

Nimemwombea mume wangu kila siku tangu tuoane, namtaja kwa jina. Usiku ule nilimtaja pia, lakini nilimtaja kama mtu wa mbali, kama unavyowaombea wasafiri. Kosa kubwa mtu anaweza kulibeba. Lakini mimi nilikuwa nimejengewa nyumba juu ya vijitobo viwili vya kujazia, na kila kikaratasi cha mezani alichoniandikia, miaka thelathini na moja, alikuwa anarudia kuvijaza. Na mimi pia nina langu. Ile siri niliitunza kwa furaha. Ningemwambia kaka siku ileile tu, angeiwahi diski yake.

Kwa yule mzee, watunzaji walimpelekea habari. Alijibu mistari miwili, kaka akanionyesha kwenye simu: "Mshukuruni aliyetafuta. Mimi nilidhani kuna mahali bado yupo."

Wiki hiyo kaka hakufungua meza ya kulia. Wateja walisema anatengeneza haraka kuliko zamani, wakafurahi, hawakujua. Mtoto mmoja akamwimbia jina lake barabarani, naye akapita kama hajasikia. Jirani yangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia ana mafua. Uongo wangu wa kwanza kwa ukuta ule.

Siku ya mapumziko, tumetoka kusali, mume wangu akabaki nje anaongea na watu. Mimi nikaingia ndani, nikaivua foronya kwenye mto, nikaketi nayo dirishani kwenye mwanga. Nikachukua kamkasi kangu kadogo ka kufumulia. Jina nililiacha. Nilitaka zile nukta tu. Niliona sitaweza kulala tena shavu langu liko juu ya kitu cha kujazia. Nikasali kidogo, nikaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa nukta ya kwanza.

Mlango ukagongwa. "Hodi, dada."

"Karibu, kaka."

Akaingia na kofia mkononi. Alikuwa amekonda kwa wiki moja tu, nikasema moyoni nitampakulia. Hakuona mkasi mara moja. Alianza kueleza akiwa wima, harakaharaka, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Kwamba amekaa akafikiri. Kwamba shemeji hataandika, na yeye hatamwomba tena, na hana kinyongo cha kunifanya mimi nichague upande. Lakini watunzaji wanataka kujua lini tu. Wanataka kitu cha wakati ule, ambacho hakingeweza kutengenezwa mwaka huu, chenye lile neno na zile nukta, na chenye mwaka. Angekipiga picha, nyuzi na kutu ya pasi na kila kitu, awaonyeshe kwamba mkono uliogusa uligusa kabla yeye hajaanza hata kukusanya. Arobaini zilizobaki hazina kosa, dada. Arobaini.

Kisha akaona nilichoshika, na mkasi ulipo. Nje mume wangu alikuwa anacheka na mtu, karibu na dirisha.

Kaka yangu akapiga magoti sakafuni mbele ya kiti changu, taratibu, kwa sababu ya magoti yake mabovu, mpaka uso wake ukawa sawa na foronya. Hakuigusa.

"Dada," akasema, "naomba hiyo foronya. Usiifue, usiipige pasi, na hizo nukta usizifumue."